Mwalimu akihama, pete zinabaki

Ukipita shule ya Kasulu au Kibondo ukaona nguzo mbili zenye pete, usidhani hapo pana netiboli. Uliza kwanza kama mwalimu aliyezisimamisha bado yupo. Huku kwetu mchezo huu si wa shule, ni wa mwalimu. Akipata uhamisho, muhula hauishi kabla wasichana hawajarudi kukaa pembeni kuwatazama wavulana wakicheza soka. Nimefundisha wilaya zote mbili na nimeliona hilo kila nilikotoka. Shule moja nilirudi kusimamia mtihani, nikakuta nguzo moja imefungwa kamba ya kuanikia nguo na nyingine imeng'olewa.

Kiwanja chenyewe ni udongo mwekundu. Mistari tunachora kwa majivu, mvua ikinyesha usiku asubuhi unaanza upya. Pete anatuchomelea fundi kwa nondo. Kanuni inataka iwe mita 3.05 kutoka chini, yaani futi 10, lakini nguzo huzama kila mvua zikikolea, na mfungaji wako (GS) anazoea kufunga chini. Akifika mashindano ya mkoa mpira unagonga ukingo wa mbele na kurudi, na watazamaji wanasema hana shabaha. Shabaha anayo. Mimi natembea na kamba yenye fundo kwenye futi 10. Napima, nainua nguzo, nashindilia mawe.

Miguu nayo ina habari yake. Kwenye udongo msichana akidaka mpira hewani na kutua, mguu huteleza kidogo na mwamuzi wetu anaelewa. Kwenye zege la viwanja vya mashindano mguu unanata palepale, mwili unaendelea mbele. Mwaka mmoja mchezaji wangu wa katikati (C), mwepesi kuliko wenzake wote, alipigiwa filimbi ya hatua mara tatu kabla robo ya kwanza haijaisha, akaanza kuogopa kuruka. Alikuwa hajawahi kukanyaga zege kwa raba, na hizo alizovaa aliazima, zikimbana. Kambi ya timu kabla ya mashindano ni ya siku chache tu, na woga wa aina hiyo hautoki kwa siku chache.

Halafu kuna kazi isiyo kwenye ratiba yoyote. Jioni napita majumbani.

"Mama, niachie binti mpaka saa kumi na mbili."

"Mwalimu, na maji atateka nani?"

Tukakubaliana wasichana waje mazoezini na ndoo, tukimaliza timu nzima inapitia kisimani. Bila ndoo zile nisingekuwa na timu.

Timu ikishapatikana, huwapa mfano wa majirani zetu: Uganda walishika nafasi ya tano Kombe la Dunia la netiboli kule Cape Town mwaka 2023. Kwenye simu nawaonyesha wasichana mfungaji wao Peace Proscovia akifunga. Wanafurahi, kisha wananiuliza: nikimaliza kidato cha nne nitachezea wapi? Timu nyingi zenye ajira ni za majeshi, kama JKT Mbweni ya Dar es Salaam. Akibahatika mmoja kwenda, wenzake wanaolewa au wanauza stendi, mpira unaishia hapo. Na hao ndio wangekuwa waamuzi na makocha wa wadogo zao.

Kwa hiyo siku hizi katika kila timu nachagua wawili, hata kama si hodari wa kucheza, nawafundisha kanuni na filimbi. Mmoja sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, na wasichana wake wanacheza mwaka mzima, hawasubiri mashindano.

Mwalimu mkuu unayesoma hapa, mwalimu wako wa netiboli akipata uhamisho, omba abaki muhula mmoja amkabidhi mwenzake timu, kamba ya kupimia, na majina ya akina mama waliokubali.