Baiskeli ya Kwenda Mbande

Dada yangu anaishi ndani kabisa ya Mbande, na kila Jumapili nampelekea dawa zake za presha za wiki nzima, kwa baiskeli kutoka Temeke. Kwa safari hiyo baiskeli ya mashindano haifai. Tairi jembamba hutaka upepo mwingi; ukiupunguza, tyubu hubanwa na rimu kwenye shimo ikapasuka. Na ukiiacha lami, mchanga wa njia za ndani huimeza.

Phoenix ya Shanghai naiheshimu. Fremu yake ndefu hutulia barabara mbovu, kiti kina springi, na wauza mkaa wameipima kuliko kiwanda chochote. Lakini ni nzito, na breki zake za fito zikilowa, umwombe Mungu.

Nilichukua ya mtumba, inchi 26, chuma kitupu, tairi nene. Springi za mbele nilizikataa. Zile za bei rahisi hula nguvu za miguu bure. Usukani niliuinua kidogo, mgongo ukashukuru. Tyubu yake anayo kila fundi wa chini ya mwembe.

Vijana hunipita wakicheka. Kidonge cha kwanza dada hukimeza saa nne. Mimi hufika saa tatu na nusu.