La Kuvunda Halina Ubani

Wahenga walinena kwamba la kuvunda halina ubani. Aghalabu methali hii ifunzwapo darasani huelezwa kwa sentensi moja: jambo likishaharibika, hakuna dawa wala pambo litakaloliokoa. Sina ugomvi na maelezo hayo. Hata hivyo, nimeishi na methali hii katika nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nikaona kwamba ina funzo jingine linaloanzia jikoni kabla ya kufika kitabuni. Funzo hilo linahusu moshi: namna unavyoingia nyumbani, namna unavyokataa kutoka, na namna sisi wenyeji wa pwani tunavyohangaika nao.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo iliyotukutanisha katika kurasa hizi. Kiswahili hakikuridhika na kitenzi kimoja cha harufu. Kibaya hunuka, kizuri hunukia; kiambishi kimoja tu ndicho kitenganishacho jaa na kikuba cha asumini. Tufikapo kwenye moshi, lakini, lugha haitenganishi sana. Moshi wa kuni hufuka, nao udi hufukizwa. Mzizi ni ule ule, uliotiwa kiambishi cha kusababisha. Yaani lugha yenyewe inakiri kwamba udi, pamoja na heshima yake yote, ni moshi uliofanywa ufuke kwa makusudi. Niliposoma mofolojia nililiona jambo hili kuwa mfano mzuri wa unyambulishaji. Uzito wake niliuelewa baadaye, kwa sababu ya kifua cha nyanya yangu.

Nyanya alikaanga mahamri ya kuuza kwa zaidi ya miaka thelathini. Alfajiri, kabla ya adhana, jiko la makaa lilikuwa limekwisha kukolea na karai la mafuta liko juu yake, ilhali sufuria ya mbaazi za nazi ikingoja kwenye jiko la pili. Waliokwenda bandarini na waliokwenda Marikiti walipitia mlangoni kununua. Kwa mahamri hayo mama yangu na ndugu zake walisoma, na sehemu ya karo yangu ya shahada ya kwanza ilitoka katika karai lile. Kwa hiyo nisemapo kwamba nyumba ilinuka moshi, nasema jambo ambalo kwetu halikuwa jepesi kulitamka.

Nyumba yenyewe ni ya kale. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa, na dari ya chini imebebwa na boriti za mikoko. Vitu hivi vyote vina vitundu vidogo vidogo, navyo hunywa. Moshi wa jiko, ukichanganyika na mvuke wa mafuta ya kukaangia, hubeba masizi na utando mwembamba unaonata kama lami. Utando huo huganda ukutani, ukaingia ndani ya chokaa na katika nyufa za mbao. Wakati wa kaskazi, ukuta ukiwa mkavu, harufu hulala. Masika yafikapo, baina ya Aprili na Juni, hewa hujaa unyevu na ukuta huanza kuitoa tena, hata kama jiko halikuwashwa siku hiyo. Vitabu vyangu vilinuka jiko. Wenzangu katika maktaba ya chuo walikuwa wakiniuliza kama nimetoka kuchoma mahindi.

Mwaka 2023, baada ya kikohozi kilichodumu miezi kadhaa, daktari alimwambia nyanya aachane na makaa. Hatari hiyo haikuwa yake peke yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba uchafu wa hewa ya majumbani, utokanao na nishati kama kuni, makaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Sisi tulikuwa tumeahirisha kununua gesi tangu Julai 2021, serikali ilipoitoza tena kodi ya VAT ya asilimia 16. Kodi hiyo ilipunguzwa mwaka 2022, kisha ikaondolewa mwaka 2023, nasi tukanunua mtungi. Tulidhani kwamba moshi ungetoka pamoja na jiko. Haukutoka. Isitoshe, harusi ya binamu yangu ilikuwa imekaribia na wageni wangefikia pale pale. Mjomba akatoa shauri lililowapendeza wengi: tufukize udi asubuhi na jioni, kisha kuta zote zipakwe rangi ya mafuta.

Udi si kitu cha kudharauliwa kwetu. Bibi harusi hufukizwa, nguo za Idi hufukizwa, na mgeni wa heshima hukaribishwa kwa chetezo. Asili yake nayo ni ya kutafakariwa. Mti wa udi, uotao katika nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, hufanya utomvu wenye harufu pale shina linapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu. Mbao za mti usio na ugonjwa hazina thamani hiyo. Ubani nao hutoka katika miti ya Somalia, Yemen na Oman ambayo magome yake yamekwaruzwa. Lakini ndani ya chumba kisichopitisha upepo, udi hauna kazi zaidi ya kuongeza moshi juu ya moshi. Usiku wa tatu tulimkuta nyanya ameketi barazani akikohoa, amekikimbia chumba chake mwenyewe. Hakulalamika. Yeye ndiye aliyetufunza kwamba nyumba isiyofukizwa haina heshima. Angewezaje kusema kwamba heshima hiyo inamziba pumzi?

Aliyetufumbua macho ni fundi mmoja mzee wa chokaa, aliyeitwa kukadiria bei ya rangi. Alipitisha kidole ukutani, akakinusa, akasema kwamba kupaka rangi ya mafuta juu ya masizi ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Kisha akatupangia kazi. Kwanza, masizi yafagiliwe yakiwa makavu, kuanzia darini kwenda chini, kwa kuwa maji yakitangulia masizi hugeuka wino na kuzama zaidi. Pili, kuta na boriti zipanguswe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ziachwe zikauke kabisa. Tatu, lipu iliyolowa mafuta karibu na jiko ibanduliwe, ipigwe mpya ya chokaa wala si ya saruji, maana saruji huuzuia unyevu wa mawe ya matumbawe usitoke. Nne, chokaa ipakwe mara tatu, nyepesi nyepesi. Mapazia yafuliwe, na magodoro na mikeka vianikwe juani.

“Na udi?” mjomba akauliza.

“Udi ni wa mwisho,” fundi akajibu, “tena uwe na pa kutokea.”

Neno hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu, kwani pa kutokea hapakuwapo. Nyumba yetu ilijengwa ikiwa na uwanja wa ndani ulio wazi juu. Hewa ya moto ilipanda na kutoka hapo, nayo ya ubaridi ikavutwa kutoka mlangoni na madirishani. Miaka kadhaa nyuma uwanja huo uliezekwa mabati ili kipatikane chumba cha kupangisha, na kodi ya chumba hicho ndiyo iliyokuwa ikinunua dawa za nyanya. Hivyo basi tulitakiwa kuchagua baina ya fedha za dawa na hewa ambayo ingepunguza haja ya dawa. Mjomba alisema mabati yabaki. Mama alisema yaondoke. Walibishana kwa muda wa wiki mbili, kila mmoja kwa mapenzi.

Nyanya ndiye aliyekata shauri. “Nyumba yataka pumzi kama mimi nitakavyo,” alisema. “Mpangaji apewe miezi miwili atafute pahali, wala asidaiwe kodi ya mwezi wa mwisho.” Wanawe wakakubaliana kugawana gharama za dawa. Harusi ikafanyiwa nyumba ya jirani.

Masika ya 2024 yalikuwa ya mvua nyingi, nayo yaliikuta nyumba imepakwa chokaa na uwani pakiwa wazi. Harufu ilirudi, ila hafifu, juu kwenye boriti. Kikohozi hakijaisha, lakini nyanya hulala usiku kucha. Jambo ambalo sikulitazamia ni huzuni yake. Alisimama mbele ya ukuta mweupe mahali palipokuwa na jiko, akasema kwamba pale sasa panamnukia ugeni. “Miaka yangu yote ilikuwa hapa,” alisema. Sikuwa na la kumjibu. Harufu iliyotuaibisha sisi mbele ya wageni, kwake yeye ilikuwa shahidi wa kazi.

Ndugu zangu wanafunzi na walimu wa Kiswahili, methali tunayoijadili haiutukani ubani. Inauweka mahali pake tu. Uvundo haufunikwi, hutafutwa ulikotoka, ukaondolewa, pakafunguliwa mlango wa hewa, ndipo manukato yakafuata. Tena mpangilio huo una gharama, nayo lazima ajitokeze mtu wa kuilipa, kama vile kodi ya chumba ilivyotupotea. Maelezo ya sentensi moja tuyaandikayo katika mitihani hayaitaji gharama hiyo, wala hayamtaji mtu ambaye uvundo huo ulikuwa sehemu ya maisha yake. Siku hizi, usiku wa kuamkia Ijumaa, nyanya huwasha chetezo uwani, panapopita upepo. Huweka kipande kimoja tu cha udi, naye huketi kando.