MAWE YA KUVUKA NAYO

 

Leo nataka kusema na wazazi walio na wasichana katika shule za bweni, na wasichana wenyewe ambao mnashika simu wakati wa likizo. Hapa kwetu kwenye majani chai, shule hizo tunazijua kwa majina: Kipsigis Girls pale Kericho, Kaplong Girls upande wa Sotik, Moi Siongiroi kule Chepalungu. Ni shule za umma. Binti wa meneja na binti wa mchuma chai wanalala bweni moja na kupakuliwa githeri kutoka sufuria moja.

Shule za sekondari nchini ziko katikati ya mto sasa. Kidato cha Kwanza cha mwisho kiliingia Januari 2024. Januari 2025 hakukuwa na wageni langoni, kwa sababu watoto wa Gredi ya 9 walibaki sekondari ya chini. Ni Januari 2026 ndipo Gredi ya 10 ikaingia. KCSE ya mwisho itafanywa mwaka 2027, na baada ya hapo hatutasikia tena habari za Kidato cha Nne.

Wengi wenu mmeniuliza kuhusu masomo ya mfumo mpya. Mimi naulizia kitu kingine. Maisha ya bweni hayaandikwi kwenye mtaala. Msichana hufundishwa na msichana aliyemtangulia: namna ya kutandika kitanda, wimbo wa kuimba asubuhi, mahali pa kukutana kwa maombi, na namna ya kumtendea mgeni. Mnyororo huo umekosa pete moja. Je, ni desturi gani zitakazovuka?

Fungua Yoshua 4. Israeli walipovuka Yordani, Mungu aliagiza mawe 12 yatolewe katikati ya mto, ili siku moja watoto wakiuliza maana yake, wazee wawe na jibu. Lakini soma polepole hadi mstari wa 9. Kuna mawe mengine 12 ambayo Yoshua aliyasimamisha mle mle mtoni. Wapendwa, si kila jiwe linavuka.

Jiwe la kwanza la kuacha chini ya maji ni kuwatesa wageni, wale wanaoitwa mono. Mama mmoja wa kanisa letu aliniletea binti yake likizo fulani. Alikuwa katika shule moja, si mojawapo ya hizo nilizotaja. Mtoto alikuwa amekataa katakata kurudi. Mama alidhani ni roho ya kukataa masomo, akataka nikemee. Niliomba, kisha nikaketi na mtoto, mama yake akiwepo, nikamsikiliza. Wiki ya kwanza wakubwa walivunja sanduku lake wakala kila kitu. Usiku akafulishwa nguo zao. Nikamwambia yule mama: huyu hana pepo, mama, ana hofu. Twende shuleni tuongee na walimu. Tulienda, na binti leo anasoma.

Wengine husema, hata sisi tulifanyiwa na hatukufa. Jibu hilo halina maana ya kumpa mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili. Na sisi tulio wa Kristo, aliyewaosha wanafunzi wake miguu, tungojee polisi ndio watukumbushe?

Jiwe la pili ni siku ya maombi ya watahiniwa. Hili tuvuke nalo, lakini tulisafishe kwanza. Mwaka 2015 wizi wa KCSE ulikuwa mkubwa hata matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa. Mwaka uliofuata wizara, chini ya Waziri Fred Matiang'i, ikapiga marufuku siku za maombi na ziara za wazazi katika muhula wa tatu, na ulinzi wa karatasi ukakazwa. Gredi za A zikashuka kutoka 2,685 hadi 141. Fikiria aibu hiyo, mtu wa Mungu. Siku ya maombi kuhesabiwa miongoni mwa milango ya wizi! Kwa hiyo nikiitwa kuombea watahiniwa, siombei kalamu ijue kile ambacho mwenye kalamu hakusoma. Naomba msichana awe na utulivu, akumbuke alichosoma, na akubali kupata C yake kwa haki kuliko A ya kuibiwa.

Jiwe la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mgeni akifika, hupewa msichana mkubwa wa kumlea, naye humwita mama yake wa shuleni. Hana hata miaka 18, lakini ni mama. Anamwonyesha bafu, anamwamsha kengele ikilia, anamfunika akilia usiku. Siku ya wazazi kutembelea, wako watoto ambao hawaoni mtu langoni, kwa sababu mama yao analipwa kwa kilo na siku asipochuma hakuna hela. Mama wa shuleni humshika mkono mtoto kama huyo akamketisha kwenye nyasi na jamaa yake mwenyewe, wakala kuku pamoja. Hiyo ni Injili bila kipaza sauti. Mtoto wa Gredi ya 10 akiuliza maana ya desturi hii, jibu liko: Mungu huwaweka wapweke katika jamaa.

Sasa na sisi kanisa tuwe akina mama wa shuleni. Karo ya shule ya kitaifa ya bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Mwenye shamba dogo la chai anajua hizo ni kilo ngapi, na anajua bonasi ya 2025 ilivyomwacha. Wako wasichana waliopata nafasi na bado wako nyumbani. Jumapili hii baada ya ibada, akina mama na vijana tubaki. Ukimjua mtoto kama huyo katika kijiji chako, niletee habari zake kwa siri, usiandike jina lake hapa.

Na wewe uliyepita bweni, nani alikupokea usiku wa kwanza? Mpigie simu leo, mwambie kongoi.

Baba, wafunike binti zetu usiku huu. Kila mgeni mpe mama, na kila mkubwa mpe moyo wa kulea. Katika jina la Yesu. Amina.