Barua kwa Mjomba kutoka Bethlehemu



Umeniuliza mambo mawili: kama nimefika alipozaliwa Bwana, na Wapalestina wanaishije hasa, maana redioni unasikia mizinga tu. La kwanza nilimalize upesi. Nimefika. Mlango wa Kanisa la Kuzaliwa ni mfupi, huingii bila kuinama, na chini ya madhabahu kuna nyota ya fedha yenye ncha 14. La pili ndilo litakalokula karatasi.

Nimepanga chumba kwa familia ya Wakristo. Najua utashangaa, kwa sababu kule kwetu Voi wengi hudhani Mpalestina lazima awe Mwislamu. Hawa wamesali hapa vizazi na vizazi, kabla mmisionari wa kwanza hajaiona pwani yetu. Baba ni fundi wa kuchonga mzeituni: ngamia, misalaba, hori la Yesu. Mke ni mzaliwa wa Yerusalemu. Kitambulisho cha mume kina jalada la kijani, yaani mtu wa Ukingo wa Magharibi; cha mke ni cha buluu. Rangi hizo mbili ndizo zinazopanga ndoa yao.

Yerusalemu si mbali, ni kama kilomita 10. Mke huenda atakapo. Mume hawezi bila kibali cha jeshi la Israel, hata Pasaka, na gari lake lenye namba za kijani halivuki kituo cha ukaguzi. Lakini usidhani mke amestarehe. Israel iliteka Yerusalemu Mashariki mwaka 1967, na wenyeji wakapewa ukaazi, si uraia. Asipothibitisha kwamba maisha yake yako huko, ukaazi unafutwa. Wameshafutiwa zaidi ya 14,000. Kwa hiyo analipia chumba huko Yerusalemu, na ndani ya mkebe wa biskuti ametunza risiti za kodi ya manispaa, umeme na maji, pamoja na karatasi za shule ya watoto. Mumewe kuhamia huko ni shida: sheria ya 2003 inawazuia watu wa Ukingo wa Magharibi na Gaza kupata ukaazi kwa njia ya ndoa. Muda wake uliisha 2021, ikapitishwa tena 2022.

Nilipouona mkebe ule nilimkumbuka marehemu babu na kipande chake, kile kitambulisho cha kuvaa shingoni enzi za mkoloni. Aliulizwa kipande katika nchi aliyozaliwa, na aliyemuuliza alikuwa ametoka ng'ambo kwa meli.

Kutoka darini naona Har Homa, makazi ya Waisraeli yaliyoanza kujengwa mwaka 1997 juu ya kilima ambacho wenyeji hukiita Jabal Abu Ghneim. Myahudi wa nchi yoyote anaweza kuja, akapewa uraia, akakaa pale. Ndani zaidi ya Ukingo wa Magharibi, mlowezi akikosa huhukumiwa kwa sheria za kiraia. Jirani yake Mpalestina hupelekwa mahakama ya kijeshi. Kisha kuna ukuta! Hapa ni zege la urefu wa mita 8, limekatiza mitaa ya watu. Israel husema ulijengwa kuzuia mabomu, na ni kweli kwamba miaka ile ulipoanza, 2002, mabasi yalikuwa yakilipuliwa. Lakini kama ni usalama tu, ungefuata mpaka. Sehemu kubwa imepita ndani ya ardhi ya Wapalestina.

Juu ya kila paa kuna matangi meusi, kwa sababu maji huja kwa zamu, na kiangazi zamu huchelewa mno. Utasema hata Voi mfereji hukauka. Kweli, ila Voi hukauka kwa diwani na kwa kibarua. Hapa mlowezi aliye kilimani hapangiwi zamu.

Usifikiri basi kwamba watu wamekaa wakilia. Jumapili mke wa fundi alipika makluba: kuku, mbilingani na wali katika sufuria moja, kisha ikapinduliwa juu ya sinia huku watoto wakipiga makofi. Kahawa yao ina iliki, ungeipenda. Bibi wa watoto hao hudarizi, kazi iitwayo tatreez, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka 2021. Akiangalia kifua cha gauni la zamani anakwambia mvaaji alitoka upande gani, hata kama kijiji chenyewe hakipo tena. Mwaka 1948 zaidi ya watu 700,000 walifukuzwa au walikimbia, na kambi ya wakimbizi ya Aida, iliyoanzishwa 1950 kwa ajili ya baadhi yao, unaweza kuifikia kwa miguu kutoka hapa. Juu ya lango lake wameweka ufunguo mkubwa wa chuma.

Hata kiungo cha chai na mkate kina kesi. Mwaka 1977 Israel iliorodhesha zaatari ya porini kuwa mmea unaolindwa, na akina mama waliokuwa wakiichuma tangu utoto wakaanza kutozwa faini. Masharti yalilegezwa baadaye, lakini bibi hajasahau.

Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba sheria na taratibu za Israel katika maeneo haya zinakiuka katazo la utenganishaji wa rangi na apathaidi. Mimi si mwanasheria. Mkebe wa biskuti ulinitosha.

Vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, vibali vingi vya vibarua vilifutwa, Krismasi ikapita bila sherehe mjini, na karakana ya fundi ikakosa wateja. Nasikia kanisa lenu linaandaa hija. Mahujaji wetu huletwa hapa kwa basi, wakapiga picha ya nyota, wakarudishwa Yerusalemu kabla ya chakula cha mchana. Mwambie mchungaji walale Bethlehemu japo usiku mmoja, wanunue ngamia kwa mchongaji mwenyewe, na wakati wa kurudi wapite kituo cha ukaguzi kwa miguu.

Mpwa wako.