Monsinyori Kataliko: alifukuzwa akapelekwa kwao

Hapa Rughenda, wazee hawahitaji kuelezwa Monsinyori Emmanuel Kataliko alikuwa nani. Wanaouliza ni vijana, na familia zilizokimbia vita huko Beni na Lubero zikiwa na watoto wadogo.

Alizaliwa mwaka 1932. Mwaka 1966 akawa askofu wa jimbo ambalo leo linaitwa Butembo-Beni, na akaliongoza kwa miaka zaidi ya 30. Wengi wakimkumbuka hutaja kwanza Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989. Ni haki yake. Lakini jambo lililomfanya ajulikane mbali alilifanya akiwa ameshaondoka Butembo.

Tarehe 29 Oktoba 1996, askofu mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, aliuawa wakati wa vita. Mwaka uliofuata Kataliko akatumwa kushika nafasi yake. Mnande akaenda kuwa mchungaji wa Bashi na makabila mengine ya Kivu ya Kusini, katika mji uliomwaga damu ya askofu wake. Wengine wangesema: kwa nini wametuletea mtu wa kutoka mbali? Watu wa Bukavu walimpokea.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1998, Bukavu ilishikwa na waasi wa RCD waliosaidiwa na Rwanda. Kwa Noeli ya mwaka 1999 Kataliko aliwaandikia waamini barua. Alisema wazi kwamba raia wanaonyang'anywa na kuteswa, na kwamba wageni wanafanya hayo pamoja na Wakongomani wenyewe. Maneno hayo ndiyo yanayokumbukwa zaidi. Inasahaulika kwamba katika barua ileile hakuita mtu kushika silaha wala kulipiza kisasi. Aliomba watu wasimame na wanaoonewa kwa njia ya msalaba, hata kama itawagharimu.

Wakuu wa RCD walimshtaki kuwa anachochea chuki ya kikabila. Ni shtaka la kushangaza, kwa mtu aliyekuwa akiishi kati ya watu wasio wa kabila lake na kuwatetea. Februari 2000 wakamkataza kurudi Bukavu, wakampeleka Butembo.

Yaani walimfukuza kwa kumrudisha kwao. Hapa alikuwa na ndugu, na lugha ya mama yake. Lakini mtu anaweza kukaa kati ya ndugu zake na bado akawa mkimbizi, kama wale aliopewa kuwatunza wamebaki ng'ambo ya vita. Mama aliyeacha shamba lake upande wa Oicha, akalala leo kwa shangazi hapa Butembo, haihitaji kuelezwa hilo.

Bukavu nayo haikunyamaza. Misa zilisimamishwa kwa siku kadhaa, shule zikafungwa. Watu waliokuwa wakimdai askofu Mnande hawakuwa Wanande. Inafaa kulisema hilo katika mtaa ambapo mgeni aliyekimbia risasi anaweza kuulizwa kabila kabla ya kuulizwa kama amekula.

Miezi saba ikapita. Tarehe 14 Septemba 2000 akaruhusiwa kurudi Bukavu, na umati mkubwa ukatoka kumpokea. Hakukaa hata wiki tatu. Alikwenda Italia kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika, na huko, tarehe 4 Oktoba, moyo wake ukasimama. Mwili wake ulirudishwa, ukazikwa Bukavu.