Mume wangu ana kiu

Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa pili, na jua la Tanga halina huruma wakati huo. Mkamwana alikuwa uani akianika nepi. Aliporudi ndani alimkuta mama mkwe amempakata mtoto wa wiki saba, kijiko cha chai mkononi, na kando yake kikombe cha maji.

"Mama, unampa nini?"

"Maji tu, mwanangu. Mume wangu ana kiu. Tangu azaliwe hajanywa hata tone."

"Lakini amenyonya sasa hivi, mama."

"Kunyonya amenyonya. Nimesema hajanywa."

Mkamwana alinyoosha mkono, akachukua kikombe na kumwaga maji dirishani. Hakutamka neno baya, lakini kumpokonya mama mkwe kikombe ni zaidi ya neno baya. Kwa siku tatu bibi hakumgusa mjukuu wake. Salamu ziliitikiwa na chakula kiliiva kama kawaida, ila nyumba ilikuwa nzito. Mume, aliyebanwa katikati, akitoka kazini alikaa barazani mpaka usiku.

Ukiwasikiliza vizuri, kila mmoja alikuwa na lake la kweli. Kwa Kiswahili mtoto hanywi titi, hulinyonya. Kinachonywewa ni maji, chai, uji na dawa. Titi lina kitenzi chake na kikombe kina chake. Kwa mtu aliyeishi na maneno hayo miaka zaidi ya sabini, mtoto anayenyonya tu ni sawa na mgeni aliyepewa wali bila maji. Kliniki muuguzi alisema mtoto apewe maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi sita. Bibi alisikia habari ya chakula. Habari ya kiu hakuisikia.

Lugha nyingine zimegawa mambo haya kwa namna yake. Mjapani anatumia neno moja, nomu, kwa maji, kwa dawa, na pia kwa mtoto aliye kifuani mwa mama yake. Mama wa huko akisema mtoto amekunywa, hakuna bibi wa kumuuliza amekunywa nini.

Jioni ya siku ya nne baba mkwe aliona yatosha. Aliwaita wote barazani, akaagiza sharubati ya ukwaju, akaanza kwa mzaha.

"Mnakumbuka huyu binti yetu alipofika mara ya kwanza? Aliniuliza kama nakunywa sigara."

Hata bibi alitabasamu. Mkamwana ni Mganda wa Masaka, na kwao kuvuta sigara ni okunywa sigala. Siku ile nyumba nzima ilimcheka, kumbe wenye kusema hivyo ni wengi. Mnyarwanda naye anakunywa itabi, yaani tumbaku. Mwarabu na Mturuki nao wanakunywa sigara. Waingereza wa zama za Shakespeare walisema hivyohivyo tumbaku ilipowafikia. Mswahili yeye anavuta. Moshi ni uleule, na kifua kinachoumia ni kilekile.

Mzee alisoma Kiarabu chuoni utotoni. Aliinua bilauri yake.

"Sharubati hii jina lake linatoka kwenye neno la Kiarabu la kunywa. Na hizi sharubu zangu zinatoka hukohuko. Kwao sharubu huitwa kwa neno lenye maana ya mnywaji. Nadhani ni kwa kuwa hutangulia kuingia kikombeni." Akajifuta mdomo. "Tena tunasema pamba inasharabu maji. Mama watoto, ukimwagilia mchicha wako, udongo hausharabu? Hauna mdomo wala kikombe, lakini umekunywa."

Mkamwana akaongeza taratibu, macho chini. Kliniki walimweleza kuwa katika kila sehemu 100 za maziwa ya mama, karibu 87 ni maji. Mtoto akinyonya, hata kukiwa na joto, amekula na amekunywa kwa pamoja.

Bibi alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Wangu wa tatu hamkumjua."

Hakuna aliyemjibu.

"Alizaliwa mwaka 1974. Alikuwa na miezi mitano. Akaanza kuharisha. Nilimpa maji, akayanywa. Aliyanywa kama mtu mzima, na kila alichokunywa kilipita. Utosi ukabonyea. Akawa analia bila machozi. Alikufa na kiu, mwanangu, na kikombe nimekishika mimi. Sasa wewe unanimwagia maji dirishani."

Hapo ndipo mkamwana alipoelewa kilichokuwa ndani ya kikombe kile.

Kunywa ni jambo moja, na mwili kufyonza ni jingine. Mtoto anayeharisha anaweza kunywa sana na bado akakauka, kwa sababu maji matupu hayatoshi kurudisha kilichopotea. Katika miaka ya 1960 wataalamu walitambua kwamba utumbo hufyonza maji na chumvi vizuri pale panapokuwa na glukosi kwa kipimo chake. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis alitumia mchanganyiko huo nchini India, kambini kwa wakimbizi waliokimbia vita vya Bangladesh, na watu wengi wakapona kipindupindu. Leo ni pakiti ndogo ya unga inayopatikana zahanati. Kwa bibi, mwaka 1974, ilikuwa bado haijafika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mkamwana alilijua. Kliniki walisema pia kwamba maji yenyewe, na chombo chake, mara nyingi ndiyo njia ya kuharisha kwa mtoto mchanga. Alimwangalia mama mkwe wake na neno hilo akalimeza. Si kila ukweli una mahali pa kutua.

Aliinuka, akapiga magoti mbele yake kama wanavyofanya kwao Buganda. "Nisamehe, mama. Nilikupokonya kikombe kabla sijakuuliza."

"Inuka, mwanangu. Sakafu ina baridi," bibi alisema, ingawa usiku ule Tanga nzima haikuwa na baridi.

Kesho yake mchana mtoto alilia. Bibi alikuwa wa kwanza kufika. Alimbeba, akamtazama utosi, akaupitishia kidole polepole, kisha akaita kwa sauti ya kusikika mpaka uani.

"Njoo upesi! Mume wangu ana kiu."

Mkamwana aliacha nguo kwenye beseni, akaja mbio, akaketi kwenye mkeka na kumpokea. Mtoto alinyonya, na koo lake dogo likawa linapanda na kushuka. Bibi alisimama akiangalia, kisha akaenda jikoni. Alirudi na kikombe kilekile, kimejaa maji ya mtungi.

"Haya kunywa wewe," alisema. "Yeye yatamfikia."