Imani Ilivyonipeleka Mkutano wa Kijiji

Niliokoka nikiwa sekondari, katika kikundi cha sala cha UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, na kaka zetu waliotulea kiroho walitufundisha kukaa mbali na pombe, dansi na siasa. Vyote vitatu vilitajwa kwa pumzi moja. Siasa ilikuwa mambo ya dunia, nasi tulikuwa wapitaji. Nililipokea fundisho hilo kwa moyo wote nikaliishi miaka mingi. Kura nilipiga, serikali niliiombea kila Jumapili kama liturujia inavyoelekeza, na hapo nikawa nimemaliza. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, mimi nilikuwa mazoezi ya kwaya.

Leo ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kilutheri (KKKT) huku mlimani Kilimanjaro, na nataka kushuhudia jinsi Mungu huyohuyo aliyeniokoa alivyonigeuza katika jambo hili. Hakunipa chama. Alinifundisha kwamba kabla ya kuuliza nani atashinda, niulize kwanza nani anaumia.

Ilianza kwa mjane wa mtaa wetu. Mumewe alipofariki, shemeji zake walianza kumsogelea taratibu, leo neno, kesho mkungu wa ndizi. Asubuhi moja akatuita tukajionee. Masale, ile mimea ya kuonyeshea mpaka, yalikuwa yameng'olewa usiku na kupandwa upya hatua kadhaa ndani ya kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani. Udongo ulikuwa bado mbichi, majani yameanza kulegea, na migomba aliyoipanda na marehemu sasa imebaki upande wa pili. Tulifanya tulilolijua. Tuliimba, tukaomba, tukamwachia sukari na unga. Alitushukuru, kisha akauliza kwa upole kabisa:

“Wazee wangu, nani kati yenu atakwenda nami Baraza la Ardhi la Kijiji?”

Tulitazamana. Hakuna aliyejua hata wajumbe wa baraza hilo ni akina nani.

Usiku ule nilifungua habari za Nabothi katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Nimeisikia tangu Shule ya Jumapili, lakini safari hii nilikwama mahali ambapo sikuwahi kukwama. Shamba la Nabothi halikuporwa na majambazi. Ziliandikwa barua, zikapigwa muhuri wa mfalme, wazee wa mji wakaketi kikao, mashahidi wawili wakaletwa. Tena mfungo ukatangazwa. Dini ilikuwapo, taratibu zilikuwapo. Hakupatikana mzee hata mmoja wa kusimama katika kikao kile na kusema ukweli. Na nabii Eliya alipotumwa, alitumwa palepale shambani, akamkute mfalme Ahabu ameshashuka kulimiliki. Mungu aliyeniokoa anajua mipaka ya mashamba! Jambo hilo lilinikosesha usingizi.

Nikaanza kujifunza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, wanawake wasipungue 3, na kazi yake ni kusuluhisha. Wajumbe hao hupendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kwa hiyo watu ambao usuluhishi wao ungeamua kama mjane wetu alale na watoto wake kwa amani walithibitishwa katika mikutano ileile niliyoikosa nikifanya mazoezi ya sauti ya tatu kwayani.

Tulikwenda naye. Baraza lilikuja hadi shambani, na aliyefanya kazi kubwa alikuwa mama mmoja wa makamo, Mwislamu, aliyejifunga mtandio wake kiunoni, akainama, akachimbua kwa panga pale masale yalipokuwa zamani. Mizizi iliyokatika ilikuwa bado ardhini, imejipanga mstari kutoka mfereji hadi barabarani. Hakuhutubia mtu. Alisema tu, “Njooni muone.” Mpaka ukarudishwa, ingawa mpaka leo shemeji wale hawamsalimii mjane.

Muda wa baraza ulipokwisha, nilisikia minong'ono kanisani kwetu kwamba sasa ni zamu ya kuweka watu wetu. Nilisimama mkutanoni nikamtetea yule mama arudi. Kwangu hilo ni tunda la Injili. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja Msamaria, mtu wa dini iliyodharauliwa, akamfanya kuwa mfano wa kufuatwa. Mkristo anayepima kiongozi kwa jina la ubatizo, akaacha kuangalia mikono yake, amesoma mfano ule akiwa amefumba macho. Nchi hii imeepushwa na mengi kwa sababu wazee wetu walikataa udini, na mimi sitaki kuwa miongoni mwa watakaourudisha kwa kutumia jina la Yesu.

Wapo ndugu wanaonikumbusha Luther na fundisho la falme mbili: kanisa lina Neno, serikali ina upanga, kila mmoja abaki kwake. Nalipenda fundisho hilo. Linanikinga na wanaotaka mchungaji awe mkuu wa wilaya. Lakini mchungaji mmoja mstaafu alinieleza kisa ambacho ni cha kwetu kabisa, na sijui kwa nini hatukifundishi kipaimara. Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano mkuu wake wa sita Dar es Salaam. Hapo ndipo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alipochaguliwa kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Na hapohapo wajumbe walitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini si suala ambalo Wakristo wanaweza kutofautiana juu yake kama wanavyotofautiana katika siasa za kawaida. Ni suala la kuikiri imani yenyewe. Mwaka 1984, kule Budapest, makanisa mawili ya wazungu ya Kusini mwa Afrika yakasimamishwa uanachama kwa kushindwa kulikiri hilo kwa vitendo.

Tangu nisikie kisa hicho nimekuwa nikiyatenganisha mambo. Yapo ambayo Biblia haikutuamulia, kwa mfano kama kijiji kianze na zahanati au barabara, au maji yachangiwe kwa kaya au kwa ndoo. Hapo naweza kubishana na mwenzangu asubuhi na tukashiriki naye meza ya Bwana mchana. Halafu yapo ambayo mtu akiyanyamazia anaikana imani: mnyonge kunyang'anywa, mtu kupotezwa, kura kuibwa, uongo kusemwa juu ya jirani. Warumi 13 inanitaka nitii mamlaka, nami natii. Inasema pia mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, na mtumishi ana Bwana wake ambaye atamwuliza.

Kazi ngumu ilikuwa ndani ya uzio wetu wenyewe. Wanaotoka huku wanajua mnada wa sadaka baada ya ibada: tunatoka nje, tunazunguka, kwaya inaimba, ndizi, mayai na kuku wanapigwa bei. Msimu wa uchaguzi ukifika, kuku anayeuzwa siku zote kwa shilingi 15,000 ananunuliwa kwa 200,000 na mgeni aliyekuja na gari, na papo hapo mgeni anapewa kipaza sauti atoe “salamu.” Kulikuwa na wakati hata sheria iliruhusu takrima za namna hiyo, tangu mwaka 2000 hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Yakobo alikuwa amekwisha kuibatilisha katika sura yake ya pili, pale anapoeleza habari za mtu mwenye pete ya dhahabu anayekaribishwa kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame. Nilipeleka hoja baraza la wazee: atakayenunua kwa 200,000 na atakayenunua kwa 2,000 washukuriwe kwa maneno yaleyale, na kipaza sauti kibaki kwa mwenyekiti wa mnada. Tulivutana sana. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniuliza kama nitazinunua mimi bati za jengo la watoto. Hoja ilipita kwa shida, wageni wenye magari wamepungua, na bati hazijatimia. Naona uchungu watoto wanaponyeshewa, na bado naamini tulitenda haki.

Sasa lipo jambo moja ambalo hatujakubaliana. Wagombea walio washarika wetu wanataka kuombewa madhabahuni. Mimi nasema tuwaombee wagombea wote wa kata, wa kila chama, Mkristo kwa Mwislamu, Jumapili moja, kila mmoja kwa jina lake, tukimwomba Mungu awape ukweli na awaepushe na damu ya mtu. Na Jumatatu washarika waende kuuliza mapato na matumizi ya kijiji, ambayo sheria inataka tusomewe kila baada ya miezi mitatu. Hoja hiyo imo katika ajenda ya kikao kijacho cha baraza la wazee.